Rufaa Niliyoifuta Leo Asubuhi

Nyanzala,

Kama treni haijapita Igalula, kunja karatasi hizi uzirudishe ulikozitoa. Sifanyi mchezo. Nakujua wewe. Ukisoma ukiwa bado karibu utashuka na sanduku lako, utapanda bodaboda, utarudi hapa Ntalikwa, na mimi sina nguvu ya kugombana nawe tena juu ya jambo hili. Mmeshapita? Haya, soma.

Leo asubuhi nimekwenda mjini nikaifuta rufaa yangu. Hakuna kesi tena. Hakuna kwenda kupima damu, kwa hiyo usiombe ruhusa chuoni na usithubutu kukata tiketi ya kurudi. Nimeifuta kwa mkono wangu, hakunilazimisha mtu, na nina hasira mpaka peni inatoboa karatasi. Ukiona mwandiko umekwenda upande usidhani nimelewa. Sijaonja kitu tangu jana.

Naandika alasiri hii wakati wewe uko Isikizya kumuaga mjomba wako Maganga. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ningeanza kwa upole, ungenijibu neno moja, ningepiga meza, ungelia, na kesho ungepanda treni umevimba macho. Afadhali niipigie kelele karatasi.

Mambo ya sabuni, nauli na kutotembea usiku, wanawake wa mtaa mzima wameshakwambia mpaka masikio yamekuuma. Siyarudii. Nataka ujue nilifikaje hapa nilipofika, maana nusu umeisikia kwangu, nusu kwa mjomba wako, na nusu ya tatu umeiokota kisimani.

Mimi nililetwa nchi hii mgongoni. Mama yangu alivuka nami kutoka Burundi kabla sijaota meno, tukapelekwa makazini Ulyankulu pamoja na wakimbizi wengine, na huko ndiko nilikokulia. Burundi siijui. Nikishushwa Bujumbura leo nitauliza njia kama mtalii. Kirundi nilicho nacho ni cha kusalia na cha kutukania, basi. Sasa mtu wa uhamiaji anakaa nyuma ya meza ananiambia nirudi kwetu. Kwetu wapi? Narudije mahali ambapo sijawahi kutembea kwa miguu yangu?

Ntalikwa nilikuja kijana, kibarua wa tumbaku. Nilijua kujenga bani la kukaushia majani lisilopoteza joto, na watu ambao majani yao yalikuwa yakiharibika kila msimu walinigombania. Mama yako Kalunde alikuwa dada wa mwenye shamba, huyo Maganga. Hadithi hiyo umeshaisikia, ila niweke wazi kwamba yeye ndiye aliyenianza. Maganga akikwambia vinginevyo anaongopa.

Kosa langu la kwanza nililifanya mbele ya bani la shamba hilohilo. Walikuja watu wa serikali Ulyankulu kuandikisha wakimbizi wa zamani wanaotaka kuwa raia. Baba yako mkubwa Gabrieli akapanda baiskeli kutoka huko mpaka hapa kuniita, kutwa nzima njiani, vumbi hadi kwenye kope. Alinikuta nimewasha moto siku hiyohiyo. Wewe umekulia kwenye tumbaku, huhitaji kufundishwa: bani likishawashwa mtu haondoki. Ukiacha joto likashuka, jani linabadilika rangi na jasho la mwaka mzima linakwenda jalalani. Majani yenyewe hayakuwa yangu, yalikuwa ya Maganga.

Gabrieli akasema, “Silvesta, acha majani ya watu. Twende ukaandikishwe, jina likipita umepumzika.”

Nikamcheka, mwanangu. Mtu kasafiri kutwa nzima kwa ajili yangu, nikamcheka. Nikamwambia, “Kaka, wale wanaandikisha wageni. Mimi mgeni hapa? Mimi siku hizi naota ndoto kwa Kinyamwezi.”

Akanywa maji, akageuza baiskeli. Alipofika njiani akapiga kelele, “Ndoto haina muhuri!” Nikamcheka tena. Yeye leo ana cheti chake cha uraia, amekitia kwenye fremu ukutani, kimeanza hata kupauka kwa jua. Mimi nilibaki kuchochea kuni.

Usifikiri ilikuwa kazi tu iliyonizuia. Ningeweza kumwachia mtu moto. Ilikuwa kiburi, na kiburi chenyewe kilikuwa cha aina mbaya, kile cha mtu aliyependwa. Hapa nilikuwa naitwa kwenye misiba, nachimba makaburi, nagawa nyama harusini. Wazee wa hapa wakijisifu jinsi Wanyamwezi walivyobeba mizigo ya watu kutoka Ujiji mpaka pwani bila kuulizwa wametoka wapi, mimi nilikuwa nacheka nao, najiona nami nimo. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilipewa jembe, nikalima mpaka nikabadilisha mpini sijui mara ngapi. Nilidhani kupendwa ni sawa na kukubaliwa. Kumbe siku ya shida, wanaokupenda wanasimama nje ya mlango, na ndani yuko mtu asiyekujua.

Sasa lile kosa la pili, ambalo ndilo lililoniua.

Ulizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo maana bibi yako akakupa hilo jina. Nilikuwa sina hata kuku, ng'ombe wa mahari ningewatoa wapi? Na mila ya hapa unaijua: mahari haijatoka, mtoto ni wa kwa mama yake. Maganga alikuja siku ya tatu, akakaa pale mlangoni, akanieleza bila ubaya wowote. “Shemeji, mtoto ni wa kwetu mpaka utakapomkomboa. Hiyo ni mila. Tena kuna jambo jingine. Ukimwandikisha kwa jina lako, kesho wataanza kusema mtoto wa mkimbizi huyo, apelekwe makazini. Ngoja nimwandikishe kwa jina langu. Asome kwa amani.”

Nikamwambia asante. Nimelifikiria neno hilo mno wiki hizi. Mtu ananiambia jina langu litamdhuru mwanangu, nami namshukuru! Lakini ndivyo tulivyokuwa tukifikiri. Mama yako naye aliona ni akili. Basi akaenda Maganga, akaandika: baba, Maganga. Ukawa raia safi, bila swali, bila doa. Hatukukuficha hata siku moja. Ulipoanza shule nilikukalisha nikakwambia, baba yako ni mimi, kwenye karatasi ni mjomba, ukiulizwa na mwalimu mtaje mjomba. Ukauliza, “Kwa nini?” Nikakwambia utajua ukikua. Umekua, na mimi mwenyewe bado sijui.

Ng'ombe nikaja kuwatoa, mmoja mmoja, kila msimu wa tumbaku ulionikubali. Wa mwisho nilimswaga mwenyewe mpaka kwa Maganga, wazee wakakaa, pombe ikanyweka, nikaambiwa mbele ya watu: leo umemkomboa mwanao. Mama yako alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kwa mila ukawa wangu kuanzia siku ile. Ndipo ilipotakiwa niende nikabadilishe cheti. Sikwenda. Niliona mambo yamekwisha, wazee wameshasema, nani tena atauliza? Mwaka uliofuata mama yako akafariki, na baada ya hapo sikuwa na kichwa cha kufikiria vyeti.

Wanasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Ofisi ile wanataka ushahidi wa kuzaa tu. Kulea hawana habari nako. Nilikusuka nywele mimi, zikakaa kama mizizi ya mhogo, ukaenda nazo shule ukapigana na aliyekucheka. Nilijifunza kusuka kwa Mama Shija hapo jirani nikiwa na vidole vinavyonuka tumbaku, wanaume wenzangu wakipita wananitania. Hayo huyatolei nakala ukaigongea muhuri. Nilitaka kumwambia yule bwana wa nyuma ya meza, njoo uone ninavyojua mguu upi unamuuma mwanangu baridi ikija. Nikanyamaza, maana wakili wa kujitolea aliyekuwa upande wangu alinikanyaga kiatu.

Na unajua nini kinachonichoma zaidi? Mambo haya niliyaanzisha mwenyewe kwa wema. Ulipofaulu, nilikwenda kuomba kitambulisho cha taifa ili nikudhamini mkopo wa chuo. Nilivaa shati la Pasaka. Nilitaka mara moja tu katika maisha yako, pale palipoandikwa mzazi, liwepo jina langu. Kijana wa dirishani akauliza nilizaliwa wapi. Nikamjibu ukweli, kwa furaha kabisa, kama mpumbavu. Ndani ya wiki nikaitwa, nikaambiwa ninaishi nchini bila kibali. Wakaniambia iko njia moja: mzazi wa mtoto raia anaweza kuomba ukaazi. Nikatoka pale nimepona! Mtoto raia si ninaye? Nikaomba. Wakakataa. Nikakata rufaa.

Siku ya rufaa ulikuwepo, kwa hiyo unakumbuka. Bwana yule akainua cheti chako kwa vidole viwili. “Hapa baba ni Maganga. Wewe ni nani?”

Wewe nani! Mtu ameketi na mtoto aliyefanana naye mpaka masikio, anaulizwa yeye nani. Nikamwangalia Maganga kwenye benchi ili ainuke aseme. Maganga akaangalia sakafu. Akaulizwa kwa jina, “Mzee Maganga, ni kweli wewe ndiye baba wa binti huyu?” Akajibu eti cheti kinavyosema ndivyo ilivyo. Ningeweza kumrukia mle ndani. Wewe ulitoka nje ukiita “Mjomba! Mjomba!” naye anakaza mwendo kwenda kwenye bajaji. Tangu siku ile mpaka leo hujamsalimia, hata hii shikamoo ya kumuaga nimekulazimisha mimi.

Sasa nisikilize. Maganga alikuja hapa jioni yake, ukiwa umekwenda kwaya. Alisimama uani, hakutaka kiti. “Shemeji, nikisema pale kwamba si mimi baba, nimekiri nilidanganya serikali. Natiwa ndani. Nina watoto saba.” Nikamtukana. Nilimtukana Kinyamwezi, nikaongeza Kirundi, akasimama tu. Nilipochoka akasema, “Nilimficha mwanao ndani ya jina langu asidhurike. Sijui nimtoeje bila kumvunja.” Bado nina hasira naye, na nitakuwa nayo, maana aibu ya siku ile hainitoki. Lakini wewe usimchukie. Aliogopa, na mimi pia nimekuwa mwoga mara nyingi kwa mambo madogo kuliko hilo. Jina lake ndilo linalokupeleka Morogoro kesho. Asingeandika vile, huenda ungekuwa nami kwenye benchi lilelile, wote wawili tunaulizwa kwetu wapi.

Ndipo wakatuita tena, wakatuambia kuhusu vinasaba. Mpimwe damu, ukweli utajulikana, rufaa itasikilizwa upya. Wewe ukakunja mkono wa blauzi palepale, kama vile damu inatolewa dirishani. Nilitaka kulia. Nilijiambia, basi, Mungu si Athumani, damu haisemi uongo. Nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Juzi nikapita pale kuulizia tarehe. Kuna binti mmoja afisa, mdogo, pengine amekuzidi miaka michache tu. Alinifuata barazani. “Shikamoo mzee.” Nikaitikia. Akatazama nyuma, kisha akasema taratibu, “Mzee, umeshafikiria damu ikikubali itakuwaje?”

“Nitapata kibali,” nikamwambia.

“Wewe labda utapata. Lakini cheti cha binti yako kitafutwa, kwa sababu kina taarifa za uongo. Vyeti vyake vyote vya shule vimesimama juu ya hicho. Mkopo wake pia. Atatakiwa athibitishe uraia upya, kwa upande wa mama. Mama ana karatasi gani?”

Nikafikiria. Mama yako alizaliwa nyumbani, hakuwa na cheti, na alikufa kabla ya hivi vitambulisho vya siku hizi. “Ana kaburi,” nikamjibu.

Binti wa watu akainamisha kichwa. “Atashinda mwishowe, mzee, kwa mashahidi. Lakini ni miaka. Na chuo hakisubiri.” Sikuwa na hasira naye. Mpaka leo ndiye mtu pekee wa ofisi ile aliyeongea nami kama ana baba.

Basi umeelewa. Nikithibitisha kwamba wewe ni mwanangu, nakuvunja. Nisipothibitisha, mimi si kitu. Aliyepanga mambo hivi ni nani? Nimetafuta mtu wa kumlaani nimemkosa. Kila mmoja pale anafuata utaratibu, na utaratibu hauna uso ukautemea mate. Hilo ndilo linalonifanya nipige teke ndoo hapa uani kama mwehu. Mbuzi wenyewe wamenikimbia.

Nilikwenda leo nikiwa nimeshaamua. Karani akanipa karatasi nijaze sababu ya kuondoa rufaa. Nikakaa nayo. Akaona nachelewa, akaniambia, “Andika tu mwombaji hana mtoto nchini, inakwisha haraka.” Alisema hivyo hivyo, huku anapanga peni. Nikasimama, Nyanzala. Sijui uso wangu ulikuwaje, ila mlinzi alisogea. Nikamwambia, “Kijana, hilo siandiki. Ng'o! Nifunge, nipakie kwenye lori, lakini hilo siandiki.” Akaogopa, akasema basi mzee andika umebadili nia. Nikaandika hivyo. Nao ni uongo, nia yangu haijabadilika hata kidogo, lakini huo nilimudu kuuandika.

Najua unachofikiri sasa hivi hapo kwenye kiti. Unafikiri baba amekata tamaa, ngoja nimwokoe. Usiniokoe. Wewe tangu mdogo mtu akionewa unaingia katikati kabla hujauliza kisa. Tabia hiyo umeitoa kwangu, na mimi imenipa makovu. Nimejifunza nikiwa nimeshachelewa kwamba hasira ni kama moto wa bani: ukiuacha uzime jani linaoza, ukiuzidisha unachoma paa. Yangu nimeichochea ovyo maisha yote, kwa watu wasiohusika, kwa mama yako pia, Mungu anisamehe. Yako usiizime. Naomba usiizime, utaihitaji. Soma nayo. Ikae mahali unapoiona.

Fomu za chuo zikiuliza baba, andika Maganga. Usitetemeke, usiandike kwa penseli. Nimekuruhusu.

Sasa habari yangu. Nimeambiwa niondoke nchini. Siondoki. Rufaa sina, kibali sina, lakini miguu ninayo na imesimama hapa. Msimu unaanza, kitalu cha miche nimeshakitengeneza, na kaburi la mama yako nani atalipalilia? Wakija waje. Sitakimbilia porini wala kujificha uvunguni.

Na siku ukisikia wamekuja, usije. Hapa ndipo nimekwama kwa muda mrefu, jua limeshahama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Nilitaka kukuandikia kwamba wakikuuliza kama unanijua, useme ni jirani yetu tu. Nimeliandika, nikalikata. Nimeliandika tena kwenye karatasi nyingine, nikaichana. Siwezi. Sikuweza kuandika kule kwamba sina mtoto, nitawezaje kukufundisha useme huna baba? Wewe nyamaza tu. Ukinyamaza hujanikana. Sitakuhesabia kosa, hata wakinipitisha mbele yako na pingu. Nitajua kilichomo kifuani mwako, na nitakuwa najisifu kimoyomoyo.

Halafu nikwambie jambo moja, nalo lisikutie huzuni. Kwenye faili lao mimi ni Silvesta Ndayizeye. Hapa Ntalikwa jina hilo nani analijua? Labda padri na marehemu mama yako. Wale watu wakija na gari lao watazunguka wakiuliza Silvesta, Silvesta, na kila nyumba itawaambia hatumjui. Mpaka watachoka, waeleze kwamba wanamtaka yule Mrundi mjenga mabani. Hapo hata mtoto wa chekechea atawanyooshea kidole: “Aa, Baba Nyanzala! Anakaa pale.”

Waandike hilo kwenye faili.

Baba yako.